Simba Aliyebaki Pangoni

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na simba watano na tai mmoja, na makao yao yalikuwa Ulaya. Bara hilo halina simba porini, lakini wafalme wake walimchora simba kwenye ngao zao tangu enzi za mikuki na farasi wa vita, na kila ufalme ukamjua wake. Wa Norwei alishika shoka. Wa Uholanzi alishika upanga mkono mmoja na kifungu cha mishale mkono wa pili. Wa Luxembourg alikuwa na mkia uliogawanyika. Wa Denmark walikuwa watatu, wa buluu, ila kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja tutawahesabu kuwa mmoja. Wa Ubelgiji alikuwa wa dhahabu, kasimama kwa miguu ya nyuma katikati ya ngao nyeusi, ulimi mwekundu nje.

Tai alikuwa wa Ujerumani. Tarehe 9 Aprili 1940 aliwashukia simba wa Denmark na wa Norwei. Tarehe 10 Mei, alfajiri moja, akawashukia watatu waliobaki. Juni haijafika kati, kila simba alikuwa ameshalazimika kujibu swali ambalo hakuna mfalme anayelifanyia mazoezi: nchi ikitekwa, mwenye kiti aende au abaki?

Wengi hulijibu upesi. Aliyekwenda ni mwoga, aliyebaki ni shujaa. Hekaya hii ni ya simba aliyebaki, akapoteza kiti kwa namna alivyobaki. Ni hekaya pia ya wanyama wa mbali sana waliolilisha baraza la simba huyo miaka yote ya vita, wala hakuna aliyewauliza neno.

Tuanze na ndugu wawili, maana wao wanatufungulia njia. Simba Christian wa Denmark na Simba Haakon wa Norwei walinyonya ziwa moja. Mdogo, Haakon, alikwenda Norwei mwaka 1905, nchi hiyo ilipojitenga na Sweden ikawa inatafuta mfalme, na alikataa kukikalia kiti mpaka wanyama waulizwe. Wakapiga kura, na karibu wanne katika kila watano wakasema wanamtaka. Naomba msomaji aishike habari hiyo ya kura, maana tutaihitaji.

Tai alipotua, Denmark ilisalimu amri ndani ya saa chache. Simba Christian akabaki Copenhagen, lakini alibaki na baraza lake. Kila asubuhi simba mzee alipanda farasi akapita mitaani bila mlinzi, wanyama wakimwamkia kutoka mlango hadi mlango. Agosti 1943 tai alipolitaka baraza litangaze hali ya hatari na kuwaua wanaohujumu reli na viwanda, baraza lilikataa na kuacha kazi. Simba hakuunda baraza jingine la kumridhisha tai. Alibaki na wazee wake walipokuwa kazini, na walipoondoka hakuwaweka wageni katika viti vyao.

Mdogo wake alifanya kinyume, akaondoka. Lakini tazama alivyoondoka.

Tarehe 10 Aprili tai alimtuma kozi wake, balozi Curt Bräuer, mpaka mji wa Elverum, akamfikishie Simba Haakon neno moja: amteue fisi wa kienyeji, Vidkun Quisling, awe mkuu wa serikali, na damu itakoma kumwagika. Kozi alitaka kuzungumza na simba faraghani, wawili tu. Simba akataka waziri wake wa mambo ya nje awepo, akasema kwamba yeye peke yake hana uwezo wa kuamua. Jibu ni la baraza. Jioni ile katika kijiji cha Nybergsund aliwaambia wazee wake kwamba hawezi kumteua fisi, kwa kuwa wanyama hawamtaki. Kisha akasema jambo ambalo simba wachache duniani wamewahi kulisema: kama baraza litaona ni heri kukubali ili kuokoa maisha ya watu, yeye hatalizuia, ila atakiachia kiti. Wazee wakasimama naye. Siku ya pili tai akakipiga kijiji mabomu, na simba akajificha msituni pamoja na mwanawe Olav, katikati ya miti na theluji, akiwa mzee wa miaka 67.

Walipigana miezi miwili. Tarehe 7 Juni simba na baraza zima wakapanda meli ya vita ya Kiingereza, Devonshire, huko Tromsø, wakaenda London. Nyuma yao wanyama wa Norwei walianza kuandika herufi H na tarakimu 7, yaani Haakon wa Saba, kwenye kuta na kwenye theluji. Tai alifuta, wakaandika tena.

Simba jike Wilhelmina wa Uholanzi aliondoka tarehe 13 Mei, na mwanzoni wanyama wake walimkasirikia sana. Hasira ikageuka walipomsikia kwenye redio kutoka London, na walipojua kwamba waziri wake mkuu, Dirk Jan de Geer, alikata tamaa akataka mapatano na tai, naye simba jike akamwondoa na kumweka Pieter Gerbrandy. Charlotte wa Luxembourg naye aliondoka na baraza lake. Hao wote walirudi, na viti vyao vikawapokea.

Sasa tuje kwa wa dhahabu.

Simba Leopold wa Ubelgiji alilelewa na hadithi moja tu, nayo ilikuwa ya kweli. Tai alipoivamia nchi mara ya kwanza, mwaka 1914, baba yake, Simba Albert, alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mto Yser, karibu na bahari. Pale Nieuwpoort milango ya maji ilifunguliwa wakati wa bahari kujaa, mashamba yakazama, na jeshi la tai likakwama matopeni. Kwa miaka minne Albert aliishi kwenye ukanda mwembamba wa ardhi uliobaki mikononi mwake, pamoja na askari wake. Leopold alivishwa sare mwaka 1915 akiwa na miaka 13 akapelekwa kwenye mahandaki. Mtoto aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa kwamba simba huondoka nchini mwake.

Alijifunza nusu ya somo. Ukanda ule wa Albert ulikuwa huru: bendera yake ilipepea, mzinga wake ulilia, wazee wake walikuwa ng'ambo ya mpaka huko Ufaransa wakitawala kwa jina lake na kwa sahihi zao. Kubaki kwenye ardhi huru na kubaki katika kucha za tai ni vitu viwili mbalimbali, na nusu hiyo ya pili hakuna aliyemfundisha Leopold kabla baba hajafa. Februari 1934 Albert alianguka kwenye majabali ya Marche-les-Dames. Agosti 1935, kando ya ziwa la Lucerne huko Uswisi, gari alilokuwa akiendesha Leopold mwenyewe liliacha njia, na Malkia Astrid, aliyependwa na wanyama wote wa Ubelgiji, akafa pale pale. Waliobaki ni simba mjane na watoto watatu. Nayasema haya kwa sababu huzuni ya simba huyu ilikuwa ya kweli, na wanyama waliilia pamoja naye. Upendo waliompa ulikuwa mkubwa, ndiyo maana hasira yao baadaye ilikuwa kubwa vilevile.

Vita vya Mei 1940 vilimchukua siku 18. Tarehe 25 Mei, alfajiri, katika kasri la Wijnendale huko Flandria Magharibi, wazee wanne wa baraza walikuja kumwona. Alikuwepo Nguruwe Mwitu kutoka milima ya Ardennes, yaani Hubert Pierlot, waziri mkuu. Alikuwepo Dubu, Paul-Henri Spaak wa mambo ya nje. Alikuwepo Kulungu, Jenerali Henri Denis wa ulinzi, na Korongo, Arthur Vanderpoorten wa mambo ya ndani. Hawakuwa wamelala. Mizinga ilisikika. Simba aliwapokea akiwa amesimama, wala hakuwaambia waketi.

Tuikazie macho picha hiyo. Wazee wanne wenye matope viatuni wamesimama mbele ya mfalme wao, na viti vimo chumbani. Walimsihi. Walimwambia kwamba mfalme akishikwa, tai atamtumia apende asipende. Kwamba kwa katiba ya Ubelgiji hakuna tendo la mfalme linalosimama bila sahihi ya waziri. Kwamba jeshi laweza kusalimu amri bila dola kusalimu amri, iwapo mwenye kiti na baraza lake wataendelea kuwa kitu kimoja ng'ambo ya bahari. Simba akajibu kwamba kuwaacha askari ni usaliti, na kwamba atashiriki yatakayowapata. Wakaagana kwa huzuni kubwa. Tarehe 28 Mei jeshi likasalimu amri. Tarehe 31 wabunge waliokimbilia Limoges, Ufaransa, wakamlaani.

Nisimdhulumu. Siku zile wanyama wengi waliobaki nchini walimbariki. Barabara zilikuwa zimejaa wakimbizi, na yeye alikuwa amekomesha mauaji. Lau kura ingepigwa Juni 1940, simba angeshinda na baraza lingetupwa baharini. Kosa halikuonekana siku ile. Lilianza kuonekana pale tai alipomrudisha kwenye kasri lake la Laeken, nje kidogo ya Brussels, akamfungia mlango, na simba akagundua kwamba ndani ya pango hilo hakuna mzee wa kumwambia hapana.

Mfalme asiye na wa kumkatalia huanza kufanya mambo kwa akili yake peke yake. Novemba 1940 Leopold alikwenda Berchtesgaden, kwenye kiota cha tai juu mlimani, akanywa naye chai, akaulizia chakula cha wanyama wake, mateka, na uhuru wa nchi. Kuhusu uhuru alirudi bila ahadi. Haakon alikataa kukaa faraghani na kozi. Leopold alikwenda mwenyewe kwa mwenye kozi, bila waziri pembeni.

Wakati huo mateka wa Ubelgiji walikuwa katika kambi za Ujerumani. Tai, aliyejua kugawa, aliwarudisha wengi waliosema Kiflandria na kuwazuia waliosema Kifaransa; Wawaloni wapatao 65,000 walikaa huko hadi 1945. Mmoja wa hao, katika hekaya hii, alikuwa mume wa Sungura wa Liège.

Sungura huyu alikuwa na watoto, tiketi za mgao wa mkate, na kalamu. Kila mwezi alifunga kifurushi cha mume wake kambini: soksi, sabuni, tumbaku kidogo, asali ikipatikana. Jioni alisali kwa ajili ya mume na kwa ajili ya mfalme, kwa sababu mfalme alisema yeye ni mfungwa kama wao, na Sungura aliliamini neno hilo. Lilimfaa. Baridi ikizidi alijiambia kwamba hata Laeken pana baridi.

Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941 alikwenda kanisani. Padre akasoma barua ya Kardinali Van Roey. Simba ameoa. Amemwoa Lilian Baels kanisani kwa siri tangu tarehe 11 Septemba, na jana yake, tarehe 6, ndoa ya kiserikali ikafuata. Kila mnyama wa Ubelgiji aliyewahi kuoa alijua kwamba sheria inataka kinyume chake: kwanza kwa serikali, ndipo kanisani. Padre anayetangulia huadhibiwa. Katika pango lisilo na baraza, sheria hiyo haikuwa na wa kuikumbusha.

Sungura alitoka kanisani, akasimama ukutani na wanawake wenzake. Akasema: "Alituambia ni mfungwa kama mume wangu. Mume wangu hata kuja kumzika mama yake hakuruhusiwa." Wenzake hawakuongeza neno. Miaka minane baadaye, kwenye karatasi ya kura, ndipo lilipotoka.

Lakini hekaya hii ina ndege mwingine ambaye bado hatujamtaja. Chini ya paa la Sungura kulikuwa na kiota cha mbayuwayu. Mbayuwayu huondoka Ulaya baridi inapokaribia, huvuka jangwa na msitu mkubwa, na Desemba huwa yuko kusini ya ikweta. Desemba hiyo ya 1941 alikuwa Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, kwenye mji wa Elisabethville. Ndio Lubumbashi ya leo. Mji ulipewa jina la Malkia Elisabeth, mama yake Leopold.

Hapa lazima nieleze wazee wa baraza waliishije. Nguruwe Mwitu na Dubu walizuiliwa Hispania, wakatoroka ndani ya gari la mizigo mpaka Ureno, wakafika London Oktoba 1940. Korongo alibaki Ufaransa, akakamatwa, na akafa Bergen-Belsen Aprili 1945. Waliofika London hawakuwa na nchi, jeshi lao lilikuwa dogo, na Ulaya hawakuwa na shamba hata moja. Walichokuwa nacho ni Kongo. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans alikuwa amekwisha tangaza kwamba koloni lipo upande wa wanaopigana na tai, na utajiri wa koloni hilo ndio uliogharimia baraza la London. Shaba na bati zilitoka Katanga, mpira na mawese yalitoka misituni. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe ilipelekwa Marekani, na bomu la Hiroshima lilitengenezwa nayo kwa sehemu kubwa. Askari wa Kongo walipelekwa Ethiopia, na Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri mbele ya kikosi chao. Mwaka 1942 siku za kazi za lazima kwa wanavijiji zilipandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Mwanakijiji akapoteza theluthi ya mwaka wake kwa vita vya simba ambaye hajawahi kumwona.

Wachimbaji wa Elisabethville walikuwa fuko. Waliingia ardhini alfajiri na kutoka usiku, na Kiswahili ndicho walichosemeana mle gizani, maana walitoka kila upande: Kasai, Kivu, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Vita viliwaongezea kazi. Bei za dukani zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wakaweka vifaa chini.

"Shaba mnayotaka imeongezeka," Fuko mmoja mzee aliwaambia wasimamizi. "Na posho nayo iongezeke. Hatujasema neno jingine."

Waliitwa kwenye uwanja wa kandanda ili jambo lao lisikilizwe. Ilikuwa Jumanne ya tarehe 9 Desemba 1941, siku mbili baada ya barua ya arusi kusomwa makanisani kule Ubelgiji. Fuko walijaa uwanjani, wengine na wake zao. Kisha askari wakafyatua risasi. Waliokufa ni makumi. Mbayuwayu alikuwa juu ya waya, aliwaona wakianguka kwenye nyasi za mpira, katika mji wenye jina la mama wa simba, wakiwa wameomba kuongezwa posho.

Nimezitazama tarehe hizo tatu mara nyingi, 6, 7 na 9 Desemba, na naona uzito wa hekaya nzima uko hapo. Simba alikosa kuuliza baraza. Baraza lililokosewa na simba, lililosimama Wijnendale likidai kwamba hakuna amri halali bila kushauriana, lilitawala Kongo bila kumshauri Mkongo mmoja. Wazee walioumia kwa kutoambiwa waketi hawakuwahi kuwawekea kiti fuko.

Aprili mbayuwayu alirudi Liège. Sungura alikuwa nje akianua nguo.

"Habari za huko?" Sungura akauliza.

"Wameuawa wengi," mbayuwayu akasema. "Waliomba posho."

"Waliuawa na nani?"

"Na askari wa serikali yako."

Sungura akainama kuokota kibanio. "Serikali yangu iko London," akasema, "na mfalme wangu yuko Laeken na mke mpya. Mimi na kifurushi tu hapa." Jibu lilikuwa la kweli, na bado halikutosha, kwa kuwa hakumwuliza mbayuwayu fuko wale walikuwa nani.

Januari 1944 Simba Leopold aliandika wosia wa kisiasa. Alitaka ufunguliwe wazee watakaporudi. Ndani yake aliwadai mawaziri waliomlaani waombe radhi hadharani kabla ya kushika tena madaraka. Tarehe 7 Juni 1944, siku moja baada ya majeshi kutua Normandy, tai alimchukua Ujerumani, kwenye kasri la Hirschstein, na mwaka uliofuata akamhamishia Strobl huko Austria. Septemba 1944 Brussels ikawa huru, wazee wakarudi, wakausoma wosia. Hapakuwa na neno la shukrani kwa waliopigana. Tarehe 20 Septemba bunge likamchagua ndugu yake, Charles, ashike mahali pa mfalme kwa muda.

Tarehe 7 Mei 1945 askari wa Marekani walimkomboa Leopold huko Strobl. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Juni, Simba Haakon aliteremka bandarini Oslo, miaka mitano kamili tangu siku aliyoondoka Tromsø, na gati lilifurika. Aliyekimbia alipokewa kwa bendera. Aliyebaki alikaa Uswisi, huko Pregny, karibu miaka mitano, akingoja aambiwe kama anaweza kurudi nyumbani.

Tarehe 12 Machi 1950 wanyama wa Ubelgiji waliulizwa hatimaye. Asilimia 57.68 walisema arudi. Lakini Flandria ilisema ndiyo kwa asilimia 72, na Waloni ikamtaka kwa asilimia 42 tu, na Brussels kwa 48. Kura ya mwaka 1905 ya Norwei ilimpa Haakon nchi moja. Kura hii ilimpa Leopold nchi mbili zilizotazamana kwa chuki. Sungura wa Liège, ambaye mume wake alirudi mwaka 1945 akiwa amekonda, alichora alama kwenye kisanduku cha hapana, akaikunja karatasi mara mbili.

Simba alirudi Laeken tarehe 22 Julai. Migomo ikazuka: migodini, viwandani, kwenye reli. Tarehe 30 Julai huko Grâce-Berleur, karibu na Liège, polisi waliufyatulia risasi umati, wakafa wanne. Usiku wa kuamkia Agosti mosi, huku Wawaloni wakijiandaa kuandamana hadi Brussels, simba alikubali kumkabidhi mwanawe Baudouin madaraka, na tarehe 16 Julai 1951 akaachia kiti rasmi. Kijana alikuwa na miaka 20.

Hukumu yangu ni hii, na sioni sababu ya kuipunguza makali. Leopold hakuwa msaliti. Hakuna aliyethibitisha kwamba aliipenda kazi ya tai. Hakupoteza kiti kwa kubaki, maana Christian naye alibaki akafa akiwa mfalme. Alikipoteza asubuhi ile ya Wijnendale, alipoamua kwamba heshima yake binafsi ni kubwa kuliko neno la wazee wanne waliosimama mbele yake. Kila kilichofuata, chai ya Berchtesgaden, arusi ya siri, wosia wenye kinyongo, kilitoka kwenye uamuzi huo. Haakon alilijua jambo ambalo Leopold hakulijua: kiti chake alipewa na wanyama kwa kura, kwa hiyo hakukidhania kuwa mali ya ukoo.

Aprili ya 1950 mbayuwayu alikuwa amerudi kama kawaida, akakuta kura imeshapigwa na mabango ya "Ndiyo" na "Hapana" bado yananing'inia ukutani. Sungura akamweleza yote: maswali, hesabu, kelele za mtaani.

"Mliulizwa wote?" mbayuwayu akasema.

"Wote. Hata sisi wanawake."

"Na fuko? Karatasi zilifika kule?"

Sungura alifikiri kidogo. "Hakuna aliyewataja," akajibu.

Fuko wa Katanga waliochimba shaba iliyoliweka hai baraza la London hawakuulizwa kama simba arudi au asirudi, na hawakuulizwa kama wanataka simba. Uchaguzi wao wa kwanza ulifanyika Desemba 1957, wa mabaraza ya miji peke yake, katika Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, na waliopiga kura walikuwa wanaume tu.